Motokaa ya Umeme: Hesabu Zake, na Mafunzo kutoka Kigoma na Ujiji



Tangu msimu uliopita tumepata barua kadhaa zenye swali moja: je, yamfaa mkulima wa karafuu, au tawi zima, kununua motokaa ya umeme badala ya ile ya petroli? Wanaouliza wamekwisha sikia ya kwamba gari hizi hazinywi mafuta, hazibadilishwi oili, wala hazipigi kelele. Hayo ni kweli. Lakini fedha zitakazonunulia gari ni fedha za karafuu, nazo haziji kila mwaka kwa kiasi kimoja. Mkarafuu hukupa mwaka huu, mwakani ukakunyima. Atakayekosea katika ununuzi huu hatapoteza elfu mbili tatu, bali huenda akapoteza akiba ya misimu mitatu. Kwa hiyo tumeona tusijibu kwa ndiyo au siyo, ila tufanye hesabu pamoja, na kila mmoja aweke humo tarakimu zake mwenyewe.

Hesabu hizo tutazifanyia Kigoma na Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Msomaji atauliza, kwa nini twende mbali hivyo? Sababu ni kwamba mji ulio mwisho wa njia hufanana sana na kisiwa. Zamani Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia pwani, na wako miongoni mwetu ambao babu zao walikwenda huko. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya kukata kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Tangu siku hiyo hadi leo, kila pipa la mafuta linalofika huko hubeba juu yake gharama ya safari yote hiyo. Sisi nasi twaijua habari hiyo, maana petroli yetu huvuka bahari. Tena Kigoma umeme wenyewe umebadilika karibuni, na wavuvi wake wamekwisha jaribu kuacha mafuta na kushika betri, kazini, usiku, majini. Mtu akitaka kujua ubaya na uzuri wa betri, na awatazame hao.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio chakula cha gari hili.

Kwa miaka mingi mji wa Kigoma haukuwa katika gridi ya Taifa. TANESCO walizalisha umeme kwa mashine za dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kutoka pwani. Tupige hesabu ya mashine hizo. Mashine nzuri ya dizeli hutoa kama uniti tatu na theluthi kwa kila lita moja. (Uniti ni ile ile unayoinunua kwenye Luku kule bara, au Tukuza kwetu.) Ikiwa lita ya dizeli ni shilingi 3,000, basi mafuta peke yake katika uniti moja ni shilingi 900, bado mshahara wa fundi, vipuri na nguzo. Na mteja wa kawaida wa TANESCO, kwa bei iliyopangwa mwaka 2016, hutozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, na kodi na tozo zikiongezwa hukaribia 356. Mwenye akili ataona mara moja kwamba kila uniti iliyouzwa mjini Kigoma zamani hizo iliuzwa kwa hasara, na hasara hiyo ikabebwa na wengine.

Sasa weka motokaa ya umeme katika hali hiyo. Motokaa ndogo hutaka uniti 18 hivi, zikipimwa kwenye soketi ya ukutani, ili iende kilomita 100. Kuzipata uniti 18 kwa mashine ya dizeli ni kuchoma lita tano na nusu. Motokaa ndogo ya petroli hunywa lita saba kwa safari hiyo hiyo. Tofauti ni lita moja na nusu! Mwenye gari angefurahi, maana yeye hulipa bei ya TANESCO, lakini moshi ungekuwa ule ule, ila ungetokea kwenye bomba la mashine ya umeme badala ya bomba la gari.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2022, Mkoa wa Kigoma ulipoanza kuingizwa katika gridi ya Taifa. Uniti inayopita kwenye gridi haitoki katika pipa la dizeli lililosafiri kilomita elfu na zaidi. Hutoka katika gesi ya kusini na katika maji, na tangu mwaka 2024 katika bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, ambalo limejengewa uwezo wa megawati 2,115. Kwa Kigoma wenyewe upo mradi wa maporomoko ya mto Malagarasi, uliopangiwa megawati 49.5. Motokaa ya umeme isiyo na maana katika mji wa mashine za dizeli huwa na maana mji huo huo ukiisha kupata gridi, hata kama gari lenyewe halikubadilika msumari mmoja.

Kwetu sisi wa visiwani somo hili lina upande wa pili. Umeme wetu hupita katika waya ulio chini ya bahari. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo nayo ilikuwa nchi ya mashine za dizeli. Wenzetu wa Unguja hawajasahau Desemba 2009, umeme ulipokatika, usirudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Mwenye motokaa ya petroli wakati ule alisumbuka kwa taa na maji, lakini gari lake lilitembea. Mwenye motokaa ya umeme angekuwa na banda lenye chuma ndani yake. Tangu hapo waya mwingine umelazwa, nao ulianza kazi mwaka 2013, na hatari imepungua. Bado twashauri kwamba tawi lenye gari moja tu lisilifanye gari hilo kuwa la umeme. Penye magari mawili, moja na liwe la umeme, wala hapatakuwa na hofu.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukue tarakimu nyepesi. Petroli shilingi 3,000 kwa lita. Kigoma huwa ni zaidi kidogo, na bei ya kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, kama ZURA watangazavyo kwetu. Umeme tufanye shilingi 360 kwa uniti.

Motokaa ya petroli, kilomita 100: lita 7 mara 3,000, ni shilingi 21,000.
Motokaa ya umeme, kilomita 100: uniti 18 mara 360, ni shilingi 6,480.
Akiba katika kila kilomita 100: shilingi 14,520.

Watu wengi huishia hapo, wakakimbilia kununua. Tusiishie hapo. Motokaa ya umeme kwa kawaida huzidi bei ile ya petroli ya ukubwa na umri ule ule. Tuseme imezidi kwa shilingi milioni 12. Ukigawanya milioni 12 kwa akiba yako, utaona kwamba ni lazima uende kilomita 83,000 hivi kabla ya kurudisha ziada uliyotoa. Sasa mambo yote yako katika swali hili: wewe huenda kilomita ngapi?

Mtazame mwenye teksi wa Kigoma. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni kilomita nane hivi. Akienda na kurudi mara sita kwa siku, na kuzunguka kidogo, amefika kilomita 100. Kwa siku 300 za kazi ni kilomita 30,000 kwa mwaka. Huyu hurudisha ziada yake katika miaka miwili na miezi tisa, na baada ya hapo kila safari ni faida. Tena kila usiku hulala mahali pamoja, kwa hiyo gari hula umeme yeye akiwa usingizini. Huyu twamwambia anunue.

Mtazame sasa mwenye shamba. Wakati wa mavuno huenda shambani kila siku, hupeleka wachumaji, hurudi na karafuu mbichi, kisha hupeleka kavu kituoni. Msimu ukiisha, gari hukaa. Kwa mwaka mzima huenda asizidi kilomita 6,000. Huyu atahitaji miaka karibu 14 kurudisha ziada ile ile, na kabla ya miaka 14 betri itakuwa imekwisha chakaa. Twasikitika kusema, lakini mkulima mmoja mmoja wa karafuu, kwa jinsi kazi yetu ilivyo, ndiye mtu ambaye hesabu hii humkataa zaidi kuliko wengine. Watu husema motokaa ya umeme ni ya mwenye kubana matumizi. La, ni ya mwenye kutembea sana mahali padogo.

Liko jambo dogo la bei ambalo wauzaji hawalitaji. Kule bara, nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 tu kwa uniti kabla ya kodi. Motokaa inayokwenda kilomita 500 kwa mwezi hula uniti 90 peke yake. Nyumba iliyokuwa katika bei ndogo itatolewa humo, na hata taa na pasi zitaanza kulipiwa bei kubwa. Kila mwanachama aangalie kwanza yuko katika daraja gani la malipo ya ZECO.

Kuhusu nguvu na mwendo, hatuna maneno mengi. Motokaa ya umeme huondoka upesi kuliko ya petroli, kwa kuwa mota yake hutoa nguvu zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haina gia za kubadilisha wala klachi ya kuungua, na ukiinua mguu hujivuta yenyewe na kurudisha umeme kidogo katika betri, hata breki zake hudumu sana. Katika foleni na vituo vya karibu karibu ni gari tamu. Swali ni umbali.

Turudi Kigoma. Motokaa ya umeme ambayo hupatikana zaidi ikiwa imetumika ni Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010. Zile za kwanza zilikuwa na betri ya uniti 24, na vipimo vya Marekani viliipa kilomita 117 ikiwa mpya. Baada ya miaka kumi na zaidi, nyingi zimebakiwa na saba ya kumi, yaani uniti 17 hivi. Kwa Kigoma na Ujiji zatosha kabisa. Lakini siku moja tajiri akuambie, "Nipeleke Kasulu." Ni karibu kilomita 100, tena ni kupanda, maana ziwa lipo mita 773 juu ya usawa wa bahari na Kasulu ipo milimani. Mwendo wa kilomita 100 barabarani huchukua uniti 15 au 16 za betri. Kuinua gari la kilo 1,600 kwa kila mita 500 huchukua uniti mbili na kidogo zaidi. Jumla ni 18, nawe unazo 17, na katika hizo 17 gari hukuwekea akiba ambayo hairuhusu uitumie. Utaishia njiani, na msaada wa kidumu cha petroli kutoka kwa mpita njia haupo tena. Kurudi chini ni rahisi, lakini kwanza sharti ufike juu. Visiwa vyetu havina milima ya namna hiyo, wala umbali wake si mkubwa, na katika hili tumebahatika kuliko wenzetu.

Kujaza nako kuna muda wake. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ikitumiwa kwa amperi 10, hutoa kama uniti mbili na robo kwa saa. Uniti 18 ni saa nane. Waya wa nyumba na uwe mzima, na soketi iwe imara, kwa kuwa saa nane za mzigo mzito si sawa na dakika tano za pasi. Kamwe usitumie waya wa kuungaunga uliopitishwa dirishani.

Sasa betri, ambayo ndiyo moyo wa jambo. Hapa walimu wetu ni wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi waliwavuta dagaa kwa karabai za mafuta ya taa, na usiku ufuko wa Kigoma ukaonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Karabai ililipiwa kila usiku, na kioo chake moto kikipigwa na mvua hupasuka. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli, na gharama ya usiku mmoja majini ikapanda. Taa za LED zenye betri zilipofika, wavuvi hawakuhitaji kuhubiriwa. Mwanga ulikuwa mzuri, na upepo hauuzimi.

Lakini betri nayo ina desturi zake. Ile ya risasi na asidi, kama ya gari la kawaida, ukiikamua hadi chini kila usiku, hufa mapema. Ukiiacha tupu kwa majuma, huganda ndani, nayo haiponi. Tangu mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa katika ziwa kwa miezi mitatu, kutoka 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, jambo hili limekuwa na uzito zaidi. Mvuvi aliyeiweka betri yake ikiwa imejaa, akaijaza tena kila mwezi, huikuta hai Agosti. Aliyeitupa pembeni ikiwa tupu atanunua nyingine. Wakulima wa karafuu, tuyasikie hayo, maana sisi nasi tuna miezi ya kazi na miezi ya kukaa.

Betri ya motokaa za leo ni ya lithiamu, na sharia yake ni tofauti. Hii haipendi kulala imejaa wala kulala tupu. Gari litakalokaa mwezi mzima liachwe na nusu ya chaji, chini ya kivuli. Katika matumizi ya kila siku, ukiiweka kati ya 20 na 80 kwa mia, utairefushia maisha. Joto ni adui yake mkubwa, na hizo Leaf za kwanza hazikuwekewa maji ya kupoza betri. Zilipopelekwa Arizona, jimbo la joto huko Marekani, wenyewe walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba betri zilikuwa zikipungua upesi. Kwa hiyo bandani mwako wacha hewa ipite.

Hapa turuhusiwe kutoka nje ya njia kidogo. Iko meli Kigoma iitwayo Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikashushwa ziwani mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hilo la sasa. Katika miaka ya 1970 iliondolewa injini zake za mvuke ikapewa za dizeli. Bodi lilibaki na kuendelea na kazi, kwa sababu injini ziliweza kufunguliwa na kubadilishwa. Unaponunua motokaa ya umeme uliza swali hilo hilo: betri hii hufunguka? Nani ataifungua? Ipo nyingine dukani, na kwa bei gani? Asiyeweza kujibu anakuuzia gari la miaka michache tu. Jibu likiwepo, bodi laweza kuzeeka na betri ya pili, hata ya tatu.

Wapo waliokwisha tafuta njia ya kuikwepa hatari ya betri. Kigali, Rwanda, tangu mwaka 2019 kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwapa waendesha pikipiki betri za kubadilishana. Mwendesha pikipiki hafungwi na betri moja. Ikiisha hufika kituoni, huacha tupu, huchukua iliyojaa, huenda zake kwa dakika chache. Betri ikichakaa ni shauri la kampuni. Kwa maoni yetu, pikipiki na bajaji za namna hii zitafika vijijini kwetu kabla ya motokaa, na ndizo zitakazotufaa kwanza, kwa kubebea magunia na makonyo, maana ni nyepesi, na betri ndogo bei yake ni ndogo.

Kuhusu kuharibika: motokaa ya umeme ina vitu vichache vinavyosuguana, kwa hiyo huharibika mara chache. Lakini ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe hana pa kuanzia. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba volti 350 na zaidi, nazo huua. Fundi asiyefundishwa asiziguse, hata akisema amewahi kutengeneza jenereta.

Anayetaka kununua iliyotumika, asilipe kabla ya kuijaribu. Katika Leaf, pembeni mwa kipimo cha chaji vipo vijiti 12 vya afya ya betri. Vikibaki tisa, ni kama saba ya kumi. Lakini wapo walaghai wanaojua kuvirudisha vijiti hivyo, basi usiviamini peke yake. Ijaze mpaka mwisho, andika kilomita, iendeshe kwa mwendo wa kawaida mpaka ibaki robo, kisha uone umekwenda wapi. Nyingi zimetoka Japani na maandishi yake ni ya Kijapani, basi usione haya kwenda na kijana anayeweza kuyabadili.

Tunaacha hesabu moja ifanywe katika mikutano ya matawi. Tawi lina wanachama 40, na kwa pamoja wanakodi gari la petroli siku 90 za mavuno, kilomita 80 kila siku. Miezi iliyobaki gari la tawi laweza kukodishwa kubeba abiria, kilomita 60 kwa siku, siku 200. Tafuteni jumla ya kilomita kwa mwaka, kisha tumieni bei ya petroli na ya umeme ya mwezi huu kuona ziada ya milioni 12 itarudi baada ya muda gani, kwanza gari likikaa nje ya msimu, kisha likifanya kazi mwaka mzima. Majibu yaletwe kwa katibu pamoja na jina la tawi, nayo yatachapwa katika toleo lijalo.